Tradeskantia ya zambarau chini ya mparachichi: mbwa kuilalia ni salama?

KivuliAR aliuliza:

Wakuu, habari za mchana. Naomba msaada wa wanaojua mimea na wanaojua mbwa.

Niko Arusha. Chini ya mparachichi ukoka haukai kabisa, kivuli kimezidi. Pamepandwa ile mimea ya kutambaa inayouzwa kwenye vitalu vya barabarani, aina mbili zimechanganyika. Moja jani lake lote ni zambarau iliyokolea, na inatoa maua madogo ya pinki. Nyingine jani lina mistari miwili ya rangi ya fedha kwa juu, ukiligeuza chini ni zambarau. Eneo ni kama mita 3 kwa 4 na limeshafunga lote. Pana ubaridi mzuri, kwa hiyo mbwa (dume, miaka mitatu, kilo 24, manyoya mafupi) amepafanya kitanda cha mchana.

Hii ni wiki ya tatu tumbo lake lina wekundu na vipele, hasa manenani na kwapani. Analamba miguu ya mbele mpaka manyoya kati ya vidole yamekuwa na rangi ya kutu. Mgongo ni safi. Dawa ya kupe anapewa kila mwezi na viroboto sijaviona.

Muuzaji wa miche anasema haina sumu, hata sungura wanakula. Jirani anasema ni sumu, ing'olewe leo leo. Nani mkweli? Na ikibidi kung'oa, inang'olewaje isirudi, na pale pawekwe nini?

---

BwanaMiche:

Mkuu, kwa maelezo yako hizo zote mbili ni tradeskantia. Ya zambarau tupu ni *Tradescantia pallida*, vitabu vya zamani vinaiita *Setcreasea*. Yenye mistari ya fedha ni *Tradescantia zebrina*, na wauza miche wengi huiita zebrina tu. Zote asili yake ni Mexico na nchi za jirani. Wana ndugu wawili unaoweza kukutana nao kwenye vitalu hivyo hivyo: *Tradescantia spathacea*, yenye majani marefu kama panga yaliyosimama kwa duara na vijiua vyeupe vilivyojificha ndani ya kitu kama kimtumbwi, na *Tradescantia fluminensis*, ya kijani yenye maua meupe ya petali tatu. Huyo wa mwisho ndiye mwenye sifa mbaya kuliko wote kwa mbwa. Australia na New Zealand, ambako amekuwa gugu sumbufu, madaktari wa mifugo wanamjua vizuri.

Sasa muuzaji na jirani, kila mmoja kashika nusu. Mbwa akitafuna majani machache hafi. Atatoa udenda, pengine atatapika au kuharisha kidogo, basi. Shida iko kwenye utomvu. Vunja shina moja uone, linatoa maji ya kunata kidogo, na ndani yake mna fuwele za kalisi oksaleti zenye umbo la sindano, ndogo kiasi kwamba huzioni kwa macho. Ndiyo maana hata binadamu akiing'oa mikono mitupu muda mrefu huwashwa. Mashina haya ni mororo, kwa hiyo mbwa wa kilo 24 akijitupa juu yake mara tano kwa siku anavunja mamia, na sehemu inayopokea utomvu ni tumbo lisilo na manyoya.

Hilo la sungura nahisi najua lilikotoka. Wanaolisha sungura wanatumia kongwe, yaani *Commelina*, ile ya maua ya buluu inayoota yenyewe shambani. Ni familia moja na tradeskantia na shina linafanana, ndipo watu wanapochanganya. Angalia ua: kongwe ni buluu na linachomoka kwenye kikunjo cha jani kama kipochi, zebrina na pallida ni pinki au zambarau hafifu. Halafu chakula cha sungura hakikuambii lolote kuhusu ngozi ya mbwa.

---

Mzee_wa_Fensi:

Mnamtisha bure huyu. Mbwa wangapi wanalalia hayo majani mjini na hawana hata kipele? Huo ni ukurutu, apigwe dawa ya ukurutu mambo yaishe.

---

DaktariWaMifugo_K:

Mzee wa Fensi, ni kweli wengi wanalalia na hawapati kitu, na hilo halipingani na anachoeleza KivuliAR. Kuna mambo mawili tofauti hapa. La kwanza ni muwasho wa kawaida wa utomvu, ambao humpata mbwa yeyote akigusana nao sana. La pili ni mzio wa kugusa, na huo humpata mbwa mmoja na kumwacha mwenzake wanayelala naye. Mwili unahitaji muda wa kuujua mmea kabla haujaanza kuukataa, ndiyo maana mwenye mbwa atakwambia "amelala hapo miezi sita bila tatizo". Ukishaanza kuukataa, kila akigusa vipele vinarudi, mara nyingi baada ya saa kadhaa mpaka siku mbili, si pale pale. Kwa hiyo usitegemee kumwona anainuka huku anajikuna.

Kuhusu ukurutu, tusibishane, tuangalie ramani ya mwili. Ukurutu wa utitiri hupenda kingo za masikio, viwiko na visigino vya miguu ya nyuma. Ukisugua ukingo wa sikio kwa vidole, mbwa wengi wenye ukurutu hupigapiga mguu wa nyuma kana kwamba wanajikuna. Viroboto huonekana zaidi kiunoni, pale mkia unapoanzia. Lowesha karatasi nyeupe, chana manyoya ya kiunoni juu yake: punje nyeusi zinazoyeyuka na kuacha wekundu ni kinyesi cha viroboto, hata kama kiroboto mwenyewe hukumwona. Mzio wa chakula hupenda masikio na miguu, na haujali mbwa analala wapi. Mzio wa kugusa hukaa pale mwili unapokutana na ardhi: tumboni, kwapani, manenani, kwenye korodani, chini ya mkia, kidevuni na kati ya vidole. Mgongo safi na tumbo jekundu, kama ulivyoandika, unaelekea huko. Rangi ya kutu kwenye manyoya inatokana na mate, ni alama ya kulamba tu, si ugonjwa mwingine.

Ila mmea si mtuhumiwa pekee. Sakafu ya banda iliyodekiwa kwa dawa kali bila kusuuzwa inaweza kuleta picha hiyo hiyo, na saruji mbichi pia. Kabla hujang'oa mita 12 za bustani, fanya jaribio. Ni la siku 14 na halina gharama kubwa.

Siku ya kwanza mwogeshe kwa maji ya baridi kiasi, maji mengi, dakika tano mpaka kumi tumboni na kati ya vidole, ili utomvu uliobaki utoke. Mkaushe vizuri, unyevu kati ya vidole unaleta fangasi. Zungushia mimea wavu wa kuku wenye kimo cha sentimita 90 na upigilie chini, maana mbwa aliyezoea ubaridi atachimba. Mtafutie kivuli kingine, vinginevyo jaribio litakushinda siku ya pili. Ng'oa na kongwe yoyote iliyopo uani, kwa kuwa ni familia moja. Halafu usibadilishe kitu kingine chochote: chakula kile kile, sabuni ile ile, dawa ya kupe kwa tarehe yake. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na akapona, hutajua kilichomponya.

Akipoa, mrudishe pale nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, siku tatu. Wekundu ukirudi, umepata jibu. Usipopungua hata kidogo ndani ya zile siku 14, mmea uache, tafuta kwingine. Usifanye hatua ya kumrudisha kama tumbo lina vidonda, au kama aliwahi kuvimba uso. Na kama tayari ameanzishiwa prednisoloni au dawa nyingine ya kuzuia mwasho, subiri zitoke mwilini kwanza, maana dawa hizo zitampoza hata akiwa amelala juu ya mmea.

Jaribio likishaisha, tumia shampuu yenye klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu) ya asilimia 2 mpaka 4, mara mbili au tatu kwa wiki. Kosa la karibu kila mtu ni kuipaka na kuisuuza papo hapo. Iache dakika kumi kamili ukiangalia saa, ndipo isuuzwe. Mvalishe kola ya kuzuia kulamba, hasa usiku, maana ulimi ndio unaogeuza vipele kuwa vidonda.

Mpeleke kwa daktari bila kusubiri siku 14 ukiona usaha, ngozi inayonata yenye harufu kama ya hamira (hapo fangasi wameshaingia), ngozi iliyonenepa na kuwa nyeusi, au mbwa anayeacha kula. Usimpake oili chafu ya gari, najua wengi wanaitumia. Inaunguza ngozi na anailamba. Usimpe panadol, diklofenaki wala ibuprofeni za binadamu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kipimo cha kukisia nayo hapana. Na akitafuna majani, mpe maji, msafishe mdomo, usimtapishe kwa chumvi. Chumvi nyingi ni sumu kwa mbwa kuliko hayo majani.

---

KivuliAR:

Asante sana daktari, na wewe BwanaMiche. Wavu utafungwa leo. Nauliza mapema ili nijipange: jibu likiwa ni mmea, naweza kupiga dawa ya magugu tu? Na jambo jingine, chini ya hayo majani kuna konokono wengi, zimewekwa zile punje za buluu za kuua konokono. Zina shida?

---

DaktariWaMifugo_K:

Hizo punje ziondolewe kabla ya kitu kingine chochote. Usisubiri jaribio.

Soma pakiti. Ikiandikwa metaldehidi, una sumu inayoweza kuua mbwa wako wakati wewe unahangaika na vipele. Punje hutengenezwa kwa nafaka ili konokono azipende, na mbwa huzipenda kwa sababu hiyo hiyo. Dalili huanza haraka, mara nyingi ndani ya saa moja mpaka tatu: kuhangaika, udenda, kutetemeka misuli, halafu degedege na joto la mwili kupanda sana. Hapo ni kukimbilia kliniki na pakiti mkononi, si kumpa maziwa. Mimea iliyofunga ardhi inafanya hatari iwe kubwa zaidi kwa sababu punje zinakaa chini ya majani, wewe huzioni, ila pua ya mbwa inazipata.

Ziokote kwa mkono wenye glavu, chota na udongo wa juu palipomwagika nyingi. Konokono waokote usiku kwa tochi, au laza ubao uliolowa jioni na uugeuze asubuhi, watakuwa wamejikusanya chini yake.

---

BwanaMiche:

Dawa ya magugu kwa eneo la mita 12 sikushauri. Majani ya tradeskantia yana nta, dawa inateleza. Utapiga mara tatu, na kila mara mbwa akae mbali mpaka pakauke. Pia mizizi ya mparachichi iko juu juu pale pale. Mkono unatosha, ni kazi ya asubuhi moja ukiwa na msaidizi.

Mwagilia jioni ya siku iliyotangulia mpaka udongo ulainike. Udongo mkavu unakata shina na kuacha kifundo (pale jani linapotokea kwenye shina) chini, na hapo ndipo kazi nzima inapoharibikia, maana kila kipande chenye kifundo kimoja, hata cha sentimita mbili, kinaota upya. Vaa glavu za mpira na mikono mirefu. Anzia ukingoni: kata mstari kwa jembe kina cha sentimita tatu tu, inua kwa reki, kisha uikunje mimea kama unavyokunja mkeka kuelekea katikati. Mizizi yake ni mifupi, mkeka mzima unakuja. Ukimaliza, pitisha reki yenye meno ya karibu kwenye udongo wa juu na uokote vipande. Usilime, utavizika. Na usifyeke kwa mashine, inatawanya vipande na kurusha utomvu mpaka usoni kwako.

Takataka zake zisiende kwenye mboji wala korongoni. Zikitupwa korongoni mvua ya masika inazipanda mto mzima. Afrika Kusini zebrina iko kwenye orodha ya mimea vamizi. Jaza viroba vya nailoni nyeusi, funga mdomo, viweke juani juu ya zege wiki sita mpaka nane, mpaka ndani pawe ujiuji. Arusha miezi ya Juni na Julai jua ni hafifu, ongeza mwezi.

Kisha pitia eneo kila baada ya siku kumi, kwa miezi mitatu. Atakayekwambia ameing'oa mara moja ikaisha hajaangalia vizuri.

Cha kupanda: chaguo langu pale ni karanga pori ya mapambo, *Arachis pintoi*. Ni ya jamii ya karanga, asili yake Brazil, maua ya njano, inavumilia kivuli cha wastani, na haimo kwenye mimea inayojulikana kudhuru mbwa. Vipando vya sentimita 20 vyenye vifundo vitatu au vinne, fukia theluthi mbili. Kwa nafasi ya sentimita 25 unahitaji 16 kwa kila mita ya mraba, yaani 192 kwa eneo lako. Agiza 220 kwa sababu vingine vitakufa. Mboji iliyoiva debe sita zinatosha, mbolea ya naitrojeni haihitaji. Panda masika yakianza au vuli, na wavu ubaki miezi mitatu mpaka minne, kwani mbwa akilala juu ya vipando vichanga utapanda tena.

Kama jua halifiki pale kabisa, hata karanga itakonda. Hapo weka nyasi za jani pana, *Axonopus compressus*, ambazo kivulini zinakaa kuliko ukoka, au changarawe ya mviringo, na mbwa umtengenezee kitanda cha mchanga uliolowa. Wedelia, ile ya maua ya njano unayoiona sana pembeni mwa barabara, isikuvutie. Imo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi mia moja vibaya zaidi, na baada ya miaka miwili utakuwa unaing'oa hiyo nayo.

---

Mzee_wa_Fensi:

Hapo kwenye kingo za masikio nimeelewa. Swali la nyongeza: chini ya mparachichi watu wengi Arusha na Moshi wanatandaza maganda ya kahawa badala ya mimea. Si rahisi zaidi?

---

BwanaMiche:

Rahisi, lakini si kwenye uwanja wa mbwa. Maganda ya kahawa yana kafeini, na mbwa mlafi akiyala kwa wingi moyo wake utapiga mbio. Tumia makapi ya mpunga au majani makavu ya mti wenyewe. Kuna kingine kinachosahaulika: mashudu ya nyonyo, yanayouzwa kama mbolea. Yana harufu inayomvuta mbwa na ndani yake mna risini, kwa mbwa ni sumu ya kuua kabisa. Unga wa mifupa hauna sumu kali, ila atafukua bustani nzima kuutafuta.

---

DaktariWaMifugo_K:

Na maparachichi yenyewe yaokotwe kila asubuhi. Mbwa wanayapenda, mafuta yake mengi yanaweza kuwasha kongosho, na kokwa likimezwa zima huziba utumbo. Mbwa wa kilo 24 anaweza kulimeza. Akianza kutapika mfululizo msimu wa maparachichi, mwambie daktari wako kuna mti nyumbani.

Ukienda kitaluni kununua mbadala, angalia pia usirudi na saikasi, ile inayofanana na mnazi mdogo mgumu. Mbegu zake nyekundu zinaua ini, mbili zinatosha. Tradeskantia ikiwekwa kando yake ni mchezo.

---

KivuliAR:

Punje zimeondolewa, pakiti imeandikwa metaldehidi 5%. Wavu umefungwa. Swali la mwisho kabla sijaanza kuhesabu siku: zebrina iliyo kwenye vyungu vya kuning'inia barazani, nayo itoke?

---

BwanaMiche:

Ikining'inia mbwa asipofika, iache. Ila matawi yake yanakatika yenyewe na kudondoka, na kipande kilichodondoka kwenye udongo wenye unyevu kinaota. Punguza ncha zisizidi sentimita 30 chini ya chungu, fagia chini yake kila siku, na kwa hizi siku 14 vihamishie upande wa pili wa nyumba ili jaribio lako lisichafuke.